Kila Jambo na Mwenyewe: Familia ya Shinyanga na Geita Inapokwenda Ziwani

Maji yanayotoka bombani Kahama na Shinyanga mjini ni ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kusini na mradi mkubwa uliozinduliwa mwaka 2009, yakipita kwenye nchi ambayo miaka ya 1980 viongozi waliihofia kuwa inageuka jangwa. Hata hivyo, wapo watoto wengi wa Ngokolo, Kambarage na Nyasubi wanaooga maji ya ziwa kila siku na hawajawahi kuliona ziwa lenyewe. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 160 za lami. Kutoka Geita mjini, ufuko uko karibu zaidi.

Ukiuliza kwa nini familia haijaenda, jibu la kwanza huwa ni fedha. Ukikaa na watu hao kwa muda, yanatoka mengine. Baba yuko mgodini kwa rosta, na ofu yake haikutani na likizo ya shule. Mbwa na kuku hawana wa kuachiwa. Mama anaogopa maji, tena ana haki ya kuogopa. Waliowahi kwenda wanasimulia jinsi watoto walivyocheza saa mbili, wakachoka, wakaanza kugombea simu.

Hayo yote yana ugonjwa mmoja: ni mambo ambayo kila mtu katika familia alidhani mwenzake anayashughulikia. Kwa hiyo kabla ya kupanga nguo begini, wakubwa wakae na kugawana kazi kwa majina. Nani anashika fedha? Nani anawalinda watoto wakiwa majini, na kwa saa zipi? Nani anabaki na wanyama? Nani anabeba rangi na karatasi? Swali hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua saa za mchana zitakavyokwenda, kama itakavyoelezwa mbele.

Tarehe, fedha na njia

Likizo ndefu za shule ni mbili, ya katikati ya mwaka na ya Desemba. Desemba mvua zimeshaanza na barabara za vumbi za kuelekea kwenye mialo zinateleza. Juni na Julai ni kiangazi, njia ni kavu, jua si kali sana, ila upepo wa kusini mashariki huchafua ziwa, hasa mchana. Anayefanya kazi mgodini aombe ratiba ya rosta yake mapema, aiweke kando ya kalenda ya shule, kisha atafute siku tatu au nne zinazokutana. Zikikosekana, familia iende bila kumsubiri, naye awakute hata kwa siku moja. Kuahirisha kwa ajili ya mtu mmoja kila mwaka ndiko kunakofanya safari isifanyike kabisa.

Kuna kalenda nyingine ambayo wenyeji wa ziwa wanaifuata: mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hupumzika. Familia inayotaka kuona mamia ya taa zikielea ziwani usiku, na asubuhi inunue dagaa wabichi mwaloni, ichague siku za giza.

Fedha zishikwe na mtu mmoja, na hesabu iandikwe pale ambapo kila mchangiaji anaiona. Ndugu wawili au watatu wakichanga, nauli ya gari la kukodi inagawanyika na watoto wa shangazi na wa mjomba wanapata siku za kujuana. Mgawanyo uwe kwa vichwa, na watoto wadogo wahesabiwe nusu. Nyumba yenye watu wawili ikitoa sawa na nyumba ya watu saba, mwakani haitachanga. Iwekwe pia akiba ya dharura isiyoguswa, inayotosha gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku.

Njia sasa ni nyepesi kuliko zamani. Tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limechukua nafasi ya kungojea pantoni, jambo lililoweza kumeza saa mbili au zaidi. Anayetoka Shinyanga anakata kushoto Usagara, anavuka kwa dakika chache, anapita Sengerema na kuingia Geita bado ni mchana. Wa Geita anayekwenda Mwanza anapita humo humo na kurudi siku hiyo hiyo akitaka.

Mwanza kuna Kisiwa cha Saanane, kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kiko dakika chache kwa boti kutoka mjini, kina mawe makubwa ya kupanda na kivuli cha kulia chakula, na kinafaa kwa familia yenye watoto wadogo au bibi asiyependa safari ndefu. Upande wa Geita kuna Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 457 ukijumlisha maji yake. Boti zake zinatokea Nkome au upande wa Muganza, wilayani Chato. Kwa anayeogopa maji, upande wa Muganza ndio wenye safari fupi. Hifadhi zote mbili hutoza kiingilio, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo vitambulisho visisahaulike. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Pesa taslimu mkononi hazitasaidia getini. Viwango vya mwaka huo viulizwe Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kabla mtunza fedha hajapiga hesabu.

Maji yapewe mlinzi

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa mita chache tu kutoka gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa, na kivuko kilikuwa kimebeba abiria wengi kuliko uwezo wake. Ajali hiyo inafundisha familia mambo mawili: kuwa karibu na nchi kavu hakumwokoi asiyejua kuogelea, na aliyepanda chombo kilichojaa alikuwa na nafasi ya kukataa kabla hakijaondoka. Mtoto akipewa jaketi okozi la mtu mzima, litapanda usoni na kumziba pumzi. Lijaribiwe nchi kavu: mtoto ainue mikono, mkubwa avute mabega ya jaketi juu, likipita kidevu, ni kubwa. Mwenye boti asiye na la ukubwa wake aachwe, atafutwe mwingine.

Vifo vingi vya maji havitokei kwenye ajali kubwa kama hiyo. Hutokea ufukweni, kimoja kimoja, na kimya. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mikono, kwa sababu mdomo uko chini ya maji na mikono inasukuma maji kutafuta pumzi. Ndiyo maana watu wazima kumi walioketi kwenye mkeka wakila samaki wanaweza wote kumkosa mtoto mmoja aliye hatua ishirini mbele yao. Kila mmoja ameamini kuwa wale tisa wanaangalia.

Dawa yake ni zamu. Mtu mzima mmoja, kwa nusu saa, anasimama ukingoni na kuangalia watoto tu. Hashiki simu, hanywi bia, hapigi soga. Avae kitu kinachojulikana, kwa mfano kofia moja nyekundu ambayo hukabidhiwa mkononi kwa anayepokea zamu. Asiyeivaa anaruhusiwa kupumzika. Watoto wasizidi kina cha kiuno chao, na mkubwa asiyejua kuogelea asijitupe majini kumfuata anayezama. Arushe kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko au tawi refu. Dumu la lita 20 linaelea vizuri na hupatikana kila nyumba. Liwekwe ukingoni likiwa na kamba tayari. Mwanza kuna shirika la EMEDO linalofanya kazi ya kuzuia vifo vya maji katika jamii za kando ya ziwa. Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze kuogelea kwa usalama aanze kuuliza huko.

Upepo nao uulizwe. Ngurumo kubwa za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, wakati hewa ya baridi ya nchi kavu inapokutana juu ya maji yenye joto. Mchana upepo huinua mawimbi. Safari ya boti ifanywe asubuhi baada ya kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kumsikiliza nahodha wa pale pale. Wenyeji wakisema leo ziwa limechafuka, familia ibaki nchi kavu hata kama boti imeshalipiwa.

Kisha kuna kichocho. Watu wa Shinyanga wanakijua kwa damu kwenye mkojo, aina inayoambukizwa kwenye malambo na madimbwi. Ziwani aina iliyotawala ni ya tumbo. Hiyo haianzi na mkojo mwekundu, na mzazi aliyezoea dalili ya kwanza anaweza kuikosa ya pili: tumbo kuuma mara kwa mara, kuhara, damu kwenye choo. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi kwa muda mfupi tu. Hupatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na mahali watu wanapofulia na kuoga, na hutoka kwa wingi jua likiwa juu, tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Hakuna saa wala ufuko unaoweza kuthibitishwa kwa macho kuwa salama, lakini kukaa mbali na majani na kuepuka mchana kunapunguza hatari. Maji ya ziwa ya kuogea yakitekwa na kuachwa kwenye pipa safi, bila konokono, kwa siku moja hadi mbili, vimelea hufa.

Mamba na kiboko nao wana ratiba yao. Kiboko hutoka kula majani usiku, na akikuta mtu amesimama kati yake na maji, hushambulia. Baada ya jua kuzama, ufuko ni wake. Wavuvi wa mwalo wanajua mamba alionekana wapi wiki hii. Swali hilo liulizwe siku ya kufika, kabla mtoto hajavua viatu.

Wanaobaki nyumbani

Mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa, kwa hiyo Saanane na Rubondo zimeshamkatia shauri. Kwa ufuko wa kawaida, anaweza kwenda endapo kuna gari la familia na mwenye nyumba ya wageni amekubali, si kwa kushtukizwa mlangoni. Hata hivyo yapo ya kupima. Mbwa anayekunywa maji ukingoni ni windo rahisi la mamba. Vichaka vya Chato na Biharamulo vina mbung'o, na mbwa akiambukizwa nagana hupata homa, hukonda na macho hufunga ukungu. Akichelewa kutibiwa hufa. Akiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, muda wa kununua samaki tu unatosha kumuua. Kwa familia nyingi, jibu la busara ni mbwa, tumwite Popi, abaki nyumbani na mtu wa kumwangalia.

Mtu huyo achaguliwe mapema na aje nyumbani mara mbili kabla ya safari, amlishe mbwa mbele ya mwenyewe, ili siku ya tatu asionekane mwizi. Kijana wa jirani aliyezoeana na mbwa ni bora kuliko ndugu wa mbali anayemwogopa. Aachiwe karatasi ukutani yenye mambo machache: saa za kula na kiasi, mahali pa maji, namba ya bwana mifugo wa kata, namba ya mwenye nyumba, na fedha ya dawa ndani ya bahasha. Malipo yake yatajwe kabla, hata kama ni mtoto wa shemeji. Kazi isiyotajiwa ujira hugeuka fadhila, na mfanya fadhila hakosi sababu ya kutokuja siku ya mvua.

Geita na Kahama zina jambo lao la ziada. Mbwa wanaozurura karibu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu na mitambo ya kuchenjua marudio hunywa maji yenye sayanaidi au kulamba tope lenye zebaki. Mbwa aliyezoea kufunguliwa usiku na kurudi asubuhi, wiki hiyo abaki ndani ya uzio. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Kumfunga mnyororo mfupi kwa siku nne bila maji wala kivuli kwa kisingizio cha usalama si utunzaji.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isisubiri safari, lakini safari ni kumbukumbu nzuri. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mlinzi wa nyumba na watoto waambiwe la kufanya akiuma, awe mbwa wa nyumbani au wa huko ufukweni: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano za chanjo. Majani, mafuta na kuchanja chale havisaidii. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu daima huua, na saa za mwanzo ndizo zenye nafasi.

Paka hahitaji kuhamishwa. Yeye ni wa nyumba kuliko wa watu, na akipelekwa kwa jirani hutoroka kurudi. Alishwe pale pale. Kuku wachanjwe mdondo wiki mbili au zaidi kabla ya kuondoka, kwa kuwa kinga huhitaji muda kujengeka, na chanjo ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kishawishi cha kununua jogoo mzuri njiani na kumwachia bandani jioni ya kurudi kizuiwe: kuku mgeni atengwe wiki mbili, la sivyo anaweza kuleta ugonjwa utakaomaliza banda zima.

Watoto nao huleta ombi lao la kila safari: kobe mdogo, kinda la ndege, tumbili aliyefungwa kamba anayeuzwa na kijana wa mwaloni. Jibu ni hapana, na sheria iko upande wa mzazi, kwani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kufuga mnyama wa porini bila kibali. Rubondo ina simulizi linaloweza kumridhisha mtoto kuliko katazo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliokuwa wakiishi kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliletwa kisiwani humo kwa juhudi za Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Wengi walikuwa wameishi miaka vizimbani. Waliachwa msituni, wakajifunza kula matunda ya porini na kujenga viota, wakazaa, na wajukuu wao leo ni sokwe wa mwituni. Mwaka 2000 wakafuata kasuku wa kijivu walionaswa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Kisiwa kizima, basi, ni mahali ambapo wanyama waliowahi kufungiwa walirudishiwa msitu, na mtoto aliyelisikia hilo ufukweni hataona shida kumwacha kobe alipomkuta.

Saa za mchana ni za brashi

Sasa tuirudie ile ratiba ya maji. Saa nne asubuhi hadi alasiri jua ni kali, vimelea vya kichocho viko kwa wingi, upepo umeanza kuinua mawimbi, na wakubwa wameshiba wanataka kusinzia. Hapo ndipo watoto wanapohitaji kazi ya mikono kivulini, na hapo ndipo uchoraji unapofaa kuliko simu. Bei yake ni ndogo, haina kelele, na bibi wa miaka sabini anaweza kuifanya pamoja na mjukuu wa miaka sita bila mmoja kumwonea mwingine.

Usukuma si mgeni katika kazi hiyo. Mwaka 1953 Hans Cory, mtafiti aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani iliyopakwa ndani ya nyumba za chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Ilikuwa michoro ya watu, nyoka na wanyama, iliyochorwa na watu ambao kazi yao ya kila siku haikuwa sanaa. Familia inayopitia Mwanza inaweza kusimama Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni, hapo hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma ambamo wacheza nyoka bado hutokea na chatu shingoni. Mtoto akishaona hayo, hatauliza achore nini.

Vifaa visiogopeshe. Karatasi ya kawaida ya kuchapia hujikunja ikilowa. Inunuliwe manila nyeupe, ikatwe vipande vinne, na kila kipande kibanwe kwa vibanio vya nguo kwenye ubao au sinia. Anayetaka kitu cha kutundika ukutani aombe kwa fundi seremala mabaki ya hadibodi, ayapake mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani na kuyaacha yakauke kabla ya safari. Rangi za maji nne zinatosha: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Kijani, zambarau na kahawia zichanganywe, kwani kuchanganya ndiko nusu ya raha. Brashi tatu kwa kila wachoraji wawili, makopo mawili ya maji, kitambaa kikuukuu.

Rangi nyingine zinaokotwa. Udongo mwekundu wa Geita, udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga, majivu meupe na masizi ya sufuria vyote vikichekechwa kwa kitambaa na kukorogwa na gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, vinakuwa rangi inayoshika vizuri kwenye hadibodi. Sharti moja halina msamaha: udongo uchotwe mahali pasipo na uchimbaji. Tope la rangi ya kuvutia linaloonekana karibu na makarasha au kwenye marundo ya marudio linaweza kuwa na zebaki, na halifai kuguswa na mtoto, achilia mbali kukorogwa kwa vidole.

Kwa somo la kwanza, mwalimu mzuri ni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupitia shule ya sanaa, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa na vipande vya mraba vya hadibodi, na akafariki mwaka 1972. Miaka hiyo michache ilitosha kuzaa mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Michoro yake mingi ya mwanzo ina mnyama mmoja aliyejaza ubao, na nyuma yake rangi moja tu. Fomula hiyo inamfaa kila anayeanza. Mtoto apake ubao mzima njano, angoje ukauke, kisha amchore Popi aliyebaki nyumbani akiwa mkubwa kiasi kwamba mkia unakaribia kugusa ukingo. Picha ya simu iliyopigwa kabla ya kuondoka, mbwa akiwa amelala, inasaidia. Mbwa aliyelala hasogei na miguu yake inaonekana. Lakini rangi ya mafuta yenyewe iachiwe wakubwa. Inanuka, hukauka polepole, na inahitaji tina ya kusafishia.

Somo la pili ni ziwa. Watoto wengi hupaka maji buluu kabla hawajayatazama. Waambiwe wagawe karatasi mikanda mitatu: mbingu, maji ya mbali, maji ya karibu. Kisha wataje rangi ya kila mkanda kabla ya kugusa brashi. Asubuhi maji ya mbali ni ya kijivu kama bati, ya karibu ni ya kijani kwa sababu ya mwani, na jioni mkanda mzima unageuka wa dhahabu kwa robo saa tu. Mchoraji yule yule akirudia karatasi tatu kwa nyakati tatu za siku, ataona mwenyewe kuwa kitu kilichobadilika ni mwanga. Mkubwa asirekebishe kazi ya mtoto kwa brashi yake. Akitaka kuonyesha, achore ya kwake pembeni.

Mambo mawili ya usafi na usalama yafuate. Maji ya kuoshea brashi yamwagwe kwenye shimo mbali na ukingo, na tina isifike ziwani kabisa, maana kijiji kinachofuata kinachota hapo. Nguo za wachoraji walio kwenye vichaka vya Chato au kisiwani Rubondo ziwe za rangi hafifu: mbung'o huvutwa na buluu iliyoiva na nyeusi, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Picha za simu zitapigwa, hakuna wa kuzuia. Mwenye kikundi cha ukoo asubiri familia irudi ndipo azirushe, kwani picha ya watu wote wakiwa Rubondo ni tangazo kuwa nyumba ya Kahama haina mtu. Watoto wa familia nyingine wasirushwe bila wazazi wao kukubali.

Wiki za baada

Mizigo ikishashushwa, mtunza fedha asome hesabu mbele ya wote jioni ile ile na kugawa salio, au wakubaliane liwe mbegu ya mwakani. Mlinzi wa mbwa alipwe siku hiyo, na apewe samaki wake. Mbwa akaguliwe kupe masikioni na katikati ya vidole, na kuku wahesabiwe.

Tarehe mbili ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani kabla hazijasahaulika. Ya kwanza ni wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji ya ziwa. Hapo kila aliyeingia majini aende kituo cha afya kupimwa kichocho na kupewa praziquantel kwa kipimo cha uzito au urefu wake. Dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo kuimeza wiki ya kwanza ya kurudi ni kujidanganya. Homa, vipele au kikohozi vikitokea mapema, mgonjwa asingoje tarehe, amwone mganga na amwambie wazi kuwa alikuwa ziwani. Tarehe ya pili ni ya chanjo ijayo ya mbwa.

Michoro ilazwe mahali pakavu chini ya vitabu siku mbili ili inyooke. Nyuma ya kila mmoja paandikwe jina la mchoraji, ufuko na tarehe. Kisha igawanywe kama fedha zilivyochangwa: kila nyumba iliyoshiriki ichague miwili, mtoto mdogo kuliko wote akianza kuchagua, na ule wa Popi apewe kijana aliyemlisha.